Kibegi cha kiunoni: namna ya kukichagua, kukipanga na kukivaa ukapendeza na bado pesa yako ikarudi nyumbani

Kila nikishuka Kariakoo kufunga mzigo lazima mtu mmoja aniulize dada hicho kibegi umenunua wapi, na cha kuchekesha mara nyingi anayeuliza amevaa kizuri kuliko changu, tatizo amekivalia mgongoni, zipu inaangalia watu wa nyuma, yani ni kama kabandika tangazo karibuni wote. Nikimwambia kigeuze anacheka, anasema ndo staili. Sawa, staili ipo na tutaiongelea huko chini, ila kwanza tuelewane hiki kitu ni nini.

Wengine wanaita westibegi, wengine pochi ya kiunoni, Wamarekani wana jina lao na Waingereza la kwao, na lile la Wamarekani ukilitamka London wanakushangaa maana kule ni tusi. Me nasema kibegi cha kiunoni ila moyoni najua ni kibindo. Bibi yangu wa Bagamoyo hakuwahi kumiliki pochi maisha yake yote, pesa alizifunga fundo kwenye pindo la kanga, akalikunja, akachomeka kiunoni, juu yake akajifunga kanga ya pili. Ukimwomba hela ya maandazi alikuwa anageukia ukutani kwanza ndo anafungua, sisi watoto tunaona mgongo tu na kusikia sarafu. Wahenga walisema hamadi kibindoni, silaha mkononi, bibi yeye alikuwa na ya kwake fupi, "pesa ikae kwenye joto." Basi hiyo ndo kanuni yote ninayoifuata mpaka leo. Kibegi kikiwa mbele, kimegusana na mwili, na mtu wa pembeni hajui ndani kuna nini, umepatia. Kikining'inia huko nyuma ni urembo tu kama hereni.

Me nauza nguo za watoto Morogoro, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria 2024 nakwenda Dar asubuhi narudi jioni, pesa ya mzigo nikiwa nayo mwilini siku nzima. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyajaribu kwenye jasho, sio kwenye picha.

HATUA YA 1: Mwaga kila kitu kitandani kabla hujaenda kununua

Watu wengi wananunua kibegi afu ndo wanaanza kulazimisha vitu viingie. Anza kinyume. Chukua vyote unavyobeba siku ya kawaida, vimwage kitandani, vitazame. Simu, pesa, kitambulisho cha NIDA, funguo, kadi ya benki, hapo ndo msingi. Afu kuna vile vya mtu na mtu, dawa ya pumu, pedi, miwani, pawabenki, kalamu na kidaftari kama unafanya biashara. Vingine vyote vilivyobaki hapo kitandani ni takataka, risiti za mwaka juzi, kifungo cha shati usilolijua, lipstiki tatu.

Kuna kisa nakipenda sana. Mwaka 1991 huko milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, watu walikuta maiti kwenye barafu wakadhani ni mpanda mlima wa juzi juzi, kumbe ni mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, wakampa jina Ötzi. Huyo bwana kiunoni alikuwa na mkanda wenye kifuko cha ngozi! Ndani walikuta vijiwe vya kukatia na kutobolea, kitu kama sindano nene ya mfupa, na uyoga mkavu wa kushikia moto. Yani kisu, sindano na kiberiti, basi. Hana risiti hata moja.

Ukishachagua vyako, pima simu, maana ndo kitu kikubwa kuliko vyote. Simu nyingi za siku hizi za inchi sita na nusu zina urefu wa kama sentimita 16 na zaidi kidogo, ukiweka na kava inaongezeka, kwa hiyo kibegi chenye nafasi ya ndani pungufu ya sentimita 18 utakuwa unapigana nacho kila ukipigiwa. Pima ndani usipime nje, nje kinadanganya.

Na uzito. Kibegi sio begi la safari, jamani. Chupa ya maji haimo. Ukikijaza vitu kikawa kizito utakikaza zaidi ili kisishuke, na mkanda uliokazwa sana kiunoni kutwa nzima unaweza kubana mshipa wa fahamu unaoshuka kwenye paja, unaanza kusikia ganzi na kuungua upande wa nje wa paja, mtu anadhani ni sukari kumbe ni mkanda tu.

HATUA YA 2: Kununua, na hapa usiwe na haraka

Kwanza kitambaa. Kuna vya turubai na nailoni nzito kama ya mabegi ya shule, kuna ngozi ya kweli, na kuna ngozi bandia. Ya kwanza ndo ninayoshauri kwa mtu wa kazi, inavumilia jasho na inafulika. Ngozi ya kweli ni nzuri inadumu, ila joto la pwani na unyevu ukiiweka kabatini masika unakuja kukuta imeota ukungu, inataka matunzo. Ngozi bandia, hapana. Nilinunua moja nyeusi ikang'aa kama kiatu cha askari, miezi minne tu ikaanza kubanduka magamba, na siku magamba yalipoamua kutoka yote ilikuwa kwenye kitchen party na me nimevaa blauzi nyeupe, nikarudi kama nimebeba magunia ya mkaa. Ukitaka kujua kama ni ngozi ya kweli tafuta sehemu iliyokatwa au upande wa ndani, ya kweli kwa nyuma ina manyoyamanyoya, bandia nyuma utakuta kitambaa kimebandikwa. Harufu nayo inasaidia ila siku hizi wanapulizia.

Pili zipu, na hapa ndo pa kukaa sana maana kibegi ni zipu, vingine vyote ni mapambo. Ivute mara kumi, sio mara moja. Ivute taratibu kwenye kona maana zipu za vibegi zinapinda, na zinapokwama ni pale pale zinapopinda. Geuza kichwa cha zipu uangalie kwa nyuma, nyingi zina namba, 3 au 5 au 8, ni kama upana wa meno kwa milimita zikiwa zimefungwa. Namba 3 ni ya mfuko wa sketi. Kwenye kibegi tafuta 5 kwenda juu. Ukikuta imeandikwa YKK hiyo ni kampuni ya Kijapani inayosifika kwa zipu, ila maandishi yanaigwa, mkono wako haudanganywi, kwa hiyo vuta.

Tatu, kifungio, kile cha plastiki kinachoingia na kulia ta! Kifunge na kukifungua, sikiliza, kile kinachoingia kimya kimya bila mlio kimelegea. Afu angalia upana wa mkanda. Vingi vina mkanda wa sentimita mbili na nusu au karibu nne. Mpana unakaa vizuri kiunoni haukati, mwembamba ni wa kukatizia kifuani tu na kwa vitu vyepesi.

Nne, geuza uone pale mkanda ulipounganishwa na kibegi. Mshono wa mstari mmoja utakatika. Unataka ule mshono wa kiboksi wenye msalaba ndani yake. Na tano, lazima kiwe na mfuko wa nyuma, ule unaolalia tumbo, wenye zipu yake. Kama hakina huo mfuko rudisha hata kama rangi umeipenda vipi, nitaeleza kwa nini.

Me vyangu vizuri vyote nimetoa kwenye mitumba, Karume pale Ilala, maana vya mtumba vimeshavaliwa na mtu, kama zipu ingekufa ingekuwa imeshakufa. Hiki ninachovaa sasa hivi kijana alianzia kumi.

"Kaka, zipu inakwama hapa kwenye kona."

"Ah, hiyo unapaka mshumaa tu dada angu, inateleza kama siagi."

"Basi niuzie kwa bei ya mshumaa."

Akacheka mpaka akakaa. Tukamalizana sita, na kweli nilipaka mshumaa ikateleza.

HATUA YA 3: Kuuweka mkanda uwe wako

Mkanda unakuja mrefu kwa sababu umetengenezwa uvaliwe na kila mtu, kwa hiyo ukiuvuta unabaki mkia unaning'inia pembeni kama mshipi wa mtoto wa chekechea. Watu hawajui hiyo ndo inafanya kibegi kionekane cha bei rahisi. Vaa kibegi, kaza mpaka vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili bila kulazimisha, afu KAA CHINI. Ukikaa tumbo linaongezeka, huo ndo mwili wako wa kweli. Kama una safari ya kwenda kula pilau acha na kidole cha tatu.

Ukishapata kipimo acha ziada ya kama kiganja kimoja, alama kwa chaki, kata. Ncha uliyoikata ipitishe haraka kwenye moto wa kiberiti cha gesi, sekunde moja mbili, nailoni inayeyuka inajifunga yenyewe haichambuki tena (usiiguse na kidole, inang'ang'ania ngozi ikiwa ya moto, nimefanya huo ujinga tayari). Afu ikunje ncha mara mbili uishone, hata kwa mkono kwa uzi wa nailoni, ili isipite kwenye kile kidude cha kuvutia. Hiyo kukunja ncha ni kitu kidogo sana ila ndo inazuia kibegi kisidondoke siku mkanda ukilegea wenyewe. Kama hutaki kukata funga ziada na rababendi pana.

Kwa sisi wenye miili, mkanda ukiwa mfupi usijilazimishe na usikate tamaa, nenda kwa fundi viatu, anakuunganishia kipande cha upana ule ule kwa pesa ndogo. Mwambie ashone kiboksi na msalaba. Atakuambia inatosha hivi mama, mwambie haitoshi.

HATUA YA 4: Kupanga ndani

Hapa ndo watu wote wanapokosea, wanatupia kila kitu kwenye mfuko mmoja, wakitaka mia mbili ya kulipia choo wanatoa bunda lote la wekundu linapepea hadharani, halafu wanalalamika wameibiwa. Mwizi huwa haotei, mwizi anaona. Kazi ya kibegi ni kumnyima cha kuona.

Gawa mara tatu. Mfuko wa mbele ule mdogo ni pesa ya njiani tu, sarafu na noti ndogo, nauli, maji, karanga, jero na buku na buku mbili basi. Huo unaweza kuufungua popote hata katikati ya mtaa wa Kongo pale Kariakoo saa sita mchana, na mtu akichungulia aone masikini mwenzake. Mfuko mkubwa wa kati unakaa simu, kitambulisho, funguo na vile vidogo vidogo. Mfuko wa nyuma, unaolalia tumbo, ndo kibindo chenyewe. Humo ni pesa ya mzigo na kadi ya benki, haufunguliwi barabarani, haufunguliwi kwenye daladala, haufunguliwi "kidogo tu nihakikishe". Unafunguliwa ndani ya duka ukiwa umegeukia ukuta kama bibi. Na ile tabia ya kuupapasa papasa kila dakika uiache, mkono wako ndo unamwonyesha mtu pa kwenda.

Pesa nazihesabu nyumbani nafunga mafungu ya laki moja moja, wekundu kumi nakunja mara moja na rababendi. Nikifika dukani nikitakiwa laki tatu natoa mafungu matatu, sihesabu noti mbele ya watu na sirudishi rudishi. Mafungu yakiwa mengi kibegi kinavimba, na kibegi kilichovimba kinaongea, kwa hiyo pesa ikizidi hapo sibebi tena, inabaki kwenye simu au benki natoa kule kule kwa awamu.

Simu iweke kioo kikiangalia tumbo, sio kikiangalia funguo. Funguo zifunge kwa kamba kwenye kile kitanzi cha ndani, kama hakipo mwambie fundi akushonee, ili ukivuta simu zisitoke nazo zikadondokea kwenye mtaro. Namba ya siri ya pesa za simu usiiandike kwenye karatasi ukaiweka humo humo na simu, najua mnafanya, wazee wetu hasa, mama yangu mdogo aliiandika nyuma ya kitambulisho kabisa, ukiokota kibegi umeokota na benki yake. Na uweke mfuko wa kitambaa uliokunjwa mdogo, maana tangu marambo yapigwe marufuku Juni 2019 ukinunua nyanya njiani huna pa kuweka, au unauziwa mfuko kila siku mpaka nyumbani ipo thelathini.

Zipu za mfuko mkubwa nyingi zina vichwa viwili vinavyokutana. Usivikutanishe katikati. Vipeleke vyote upande wa mkono unaoutumia, me kulia, afu vipitishie pini moja kwenye matundu yake. Mtu akitaka kuvuta anakutana na pini, na wewe sekunde mbili zinakutosha kusikia.

Ukimaliza kupanga fumba macho ujaribu kutoa simu, kutoa buku, kutoa funguo. Ukishindwa panga tena. Nina siriasi, kaa sebuleni ufanye hivyo mara tano, watoto watacheka waache wacheke.

HATUA YA 5: Kukivaa, maana kila mahali na namna yake

Kiunoni mbele ndo namna ya kwanza, kibegi kinakaa chini kidogo ya kitovu au kinasogea kwenye nyonga upande mmoja. Ina udhaifu wake ambao watu hawaufikirii, kibegi kikiwa mbele kifungio kinakuwa nyuma mgongoni, na mtu mwenye vidole vyepesi kwenye msongamano anakibonyeza, kibegi kinashuka. Dawa yake rahisi, kama umevaa jinzi au kadeti pitisha mkanda kwenye vile vitanzi vya suruali, hata vya nyuma viwili tu. Kikifunguliwa hakiondoki. Kama umevaa gauni au sketi shusha blauzi ifunike kifungio, au zungusha mkanda kifungio kije ubavuni chini ya mkono.

Ya pili ni ya kukatiza kifuani, mkanda unapita begani kibegi kinakaa juu ya kifua. Hii ndo nzuri kwa daladala na mwendokasi za saa kumi na moja jioni, unakiona muda wote na ukiinua mkono mmoja kushika bomba ule mwingine unakilalia. Kifungio nacho kilete mbele, kisikae kwenye bega la nyuma. Vuta kifupi, kibegi kikae kwenye mbavu. Kikishuka mpaka nyonga umeshatoka kwenye kukatiza kifuani umeingia kwenye mkoba wa kawaida, na unagonga watu wa kwenye siti usoni.

Kwenye bodaboda kiweke ndani ya jaketi au katikati yako na dereva. Wale wanaokwapua wakiwa kwenye pikipiki wanapenda mkanda unaoonekana, na hapa nisikilizeni vizuri, mkanda umekufunga mwilini, mtu akiuvuta akiwa kwenye mwendo anakuburuza na wewe. Kwa hiyo jizoeze kufungua kifungio kwa mkono mmoja bila kuangalia, ili ikitokea uachie. Hali kadhalika ukisimamishwa na mwenye kisu, fungua, mpe. Kibegi elfu sita.

Ukitembea kando ya barabara kigeuzie upande wa ukuta. Kwenye basi la mkoani ukitaka kulala kivute tumboni kabisa, jifunike kanga juu, zipu ikiwa chini ya kiganja. Kwenye kukaguliwa stesheni au uwanja wa ndege utaambiwa ukivue upitishe kwenye mashine, kipitishe cha mwisho, wewe ukiwa umeshaanza kusogea, kisikusubiri upande wa pili peke yake. Ukipanda ndege na una pawabenki usiiweke kwenye begi linaloenda chini ya ndege, inatakiwa ukae nayo wewe, na isizidi wati-saa 100, yani kama mAh 27,000 hivi, hizi zetu za 10,000 na 20,000 hazina shida.

Wanaokwenda Hija na Umra nao nawakumbusha. Mwanaume akiwa kwenye ihramu anavaa shuka mbili zisizoshonwa, hana mfuko popote, na ule mshipi wenye vifuko wa kuhifadhia pesa na pasi wanazuoni wengi wameuruhusu, Waarabu wanauita himyani, ni jambo la tangu zamani. Nunua mapema uuzoee nyumbani, na ununue wenye zipu, sio wa vifungo vya kubonyeza, maana kwenye tawafu, kule kuizunguka Kaaba, watu ni bahari.

HATUA YA 6: Sasa tupendeze

Zamani kibegi cha kiunoni nilikuwa nakijua kwa watalii tu, mzungu na kadeti yake ya mifuko kumi na mbili, kofia, na kibegi juu ya tumbo, tulikuwa tunacheka. Huko kwao nako kilivuma sana miaka ya 80 na 90 afu kikachekwa kikafa. Kikarudi kwa kishindo, mwaka 2017 Louis Vuitton walishirikiana na Supreme wakatoa cha kwao cha bei ya kiwanja, vijana wakaanza kukikatiza kifuani, na feki zake zikajaa Kariakoo mpaka leo nyekundu zile. Sinunui feki yenye maandishi makubwa, maoni yangu tu, inamwambia mwizi nina hela na inamwambia mjuzi sina.

Kwa mavazi kanuni ni moja, kibegi kifanane na kitu kimoja ulichovaa, sio vyote. Kifanane na raba, au na mtandio. Nguo ikiwa na maua mengi kibegi kiwe rangi moja. Nguo ikiwa rangi moja hapo ndo unatoa cha kitenge. Kitenge juu, kitenge chini na kibegi kitenge cha doti ile ile umeshakuwa kamati ya harusi.

Siri yangu kubwa ni dera. Dera ni nguo tamu kwa joto ila haina kiuno, unaonekana kama pazia linatembea. Vaa kibegi juu yake, kaza kidogo, vuta kitambaa cha juu kimwagike kidogo juu ya mkanda, umepata kiuno na mfuko kwa pamoja. Wenye baibui, kivaeni ndani yake kama mna pesa ya maana, na nje kama ni ya kupendezea. Wanaume wa kanzu ndani pia, juu ya kanzu mtaonekana mmevaa silaha. Na suti tafadhali, suti ina mifuko.

Mwenye tumbo asikiweke katikati ya tumbo, kinaongeza. Kisogeze kwenye nyonga upande, kiinamie kidogo mbele. Mfupi akatize kifuani na mkanda mfupi, kibegi kikikaa juu miguu inaonekana mirefu. Mrefu anavaa anavyotaka, ndo maisha yao.

Ukitaka cha kitenge mpelekee fundi nusu mita ya kitenge, bitana ya rangi nyepesi (ndani kukiwa kweusi hutaona kitu, utakuwa unapapasa), sponji nyembamba, zipu mbili namba 5, na kibegi chako cha zamani akitumie kama kielelezo. Hicho cha mwisho ndo muhimu, bila kielelezo utaletewa mto wa kochi wenye mkanda.

HATUA YA 7: Kufua na kutengeneza

Cha turubai na nailoni kinafuliwa kwa mkono, maji ya baridi, sabuni ya kipande na mswaki wa zamani, sugua hasa mgongo wa kibegi na mkanda, maana jasho likikauka linaacha chumvi ile mistari myeupe na harufu. Toa bitana nje kwanza ukung'ute, humo kuna mchanga na vipande vya biskuti, na mchanga ndo unaoua zipu. Anika kivulini zipu zikiwa wazi, jua la saa saba linapausha rangi. Cha ngozi hakiingii majini, kifute na kitambaa chenye unyevu, kikauke, upake dawa ya viatu isiyo na rangi.

Zipu ikiwa nzito paka mshumaa au risasi ya penseli kwenye meno, pandisha na kushusha mara kadhaa. Zipu ikiwa inafunga afu nyuma yake inafunguka yenyewe, meno mara nyingi ni mazima, kilichochoka ni kichwa. Chukua plaizi, bana kichwa taratibu pembeni, kushoto kidogo, kulia kidogo, ujaribu, ubane tena. Taratibu kweli kweli, ukizidisha kinavunjika. Mimi niliipuuza dalili hiyo wiki nzima, nikapoteza kitambulisho kwenye daladala, kikadondoka bila hata mwizi kuhusika, nikaanza kuzunguka kufuatilia kingine.

Kifungio kikivunjika jino moja usiendelee kukivaa kwa imani. Nenda nacho kwa fundi mabegi, tena nenda na kibegi chenyewe usiende na vipimo vya kichwani, maana cha sentimita mbili na nusu na cha tatu ukiviangalia ni ndugu, ila mkanda ukishaingia kwenye kikubwa unateleza wenyewe kidogo kidogo, unafika stendi ya Msamvu, Morogoro, kibegi kiko magotini.